Ngwe ya Mwenzio kwenye Karatasi ya Hesabu

Nilirudi kutoka semina ya Mbeya na cheti, kalamu nne za rangi, karatasi za manila, na majivuno ambayo kondakta angeyaona angenitoza nauli ya mzigo. Ilikuwa ile miaka ambayo soko huria lilikuwa limekwishapanda hadi Sumbawanga: mitumba imejaa sokoni, shule za watu binafsi zinachipuka mtaa wa Katandala kama uyoga, na kila mwenye redio anazungumzia ushindani. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya pale mjini, mwanamke ambaye hajafika thelathini, mwenye hasira za karibu, na nilikuwa nimekaa juma zima nikifundishwa namna ya kufundisha. Walitufundisha mambo mawili: kuwaweka wanafunzi kwenye vikundi ili wafundishane, na kutumia kompyuta kuchora grafu. Katikati tulikunywa chai mara mbili kwa siku. La chai nililielewa mara moja.

Kompyuta zenyewe tulikuwa nazo. Zililetwa na wafadhili kwa lori, zimekwishatumika huko zilikotoka, mitumba tu kama makoti yetu, ila hakuna aliyethubutu kuziita hivyo mbele ya Mkuu wa shule. Zilikuwa kumi na moja. Kumi zinawaka, na ile nyingine ilikuwa ya kuonyeshea wageni. Mkuu alizipenda mapenzi ya dhati. Mkewe alizifumia vitambaa vyeupe vyenye maua pembeni, kila moja na chake, na chumba kilipigwa deki kila asubuhi hata kama jana yake hakikufunguliwa. Kuingia ilibidi uvue viatu. Kwa baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita, kuvua viatu kwa ajili ya hesabu si jambo dogo, na wanafunzi wangu walijifunza grafu wakikanyaga mguu mmoja mmoja, wakipokezana sakafu. Ufunguo ulilala mfukoni mwa Mkuu. Ukitaka kuingia unamwandikia barua ya maombi siku mbili kabla, naye anakujibu kwa barua, ingawa ofisi zetu zilitazamana.

Umeme nao ulikuwa na ratiba yake, ambayo sikuwahi kukutana na mtu aliyeiona.

Siku ya kwanza niliingia darasani nikaandika ubaoni maana ya ujifunzaji wa ushirikiano, neno kwa neno kama nilivyoinakili kwenye semina. Wanafunzi hamsini wa kidato cha tatu wakainakili nao, wakaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, wakaweka kalamu chini, wakaningoja niendelee. Nikawaambia wageuze madawati watazamane. Wakageuza, wakatazamana. Nikawapa swali. Mwenye akili wa kila kundi akalifanya, na wenzake wakamtazama kwa heshima na ukimya, kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Nikapiga meza. Ilikuwa tabia yangu wakati huo. Meza ya darasa lile ilikuwa na mguu mmoja uliolegea kwa sababu yangu.

"Nyie kwenu hamlimi?" nikafoka.

Kwa sheria tulitakiwa tufundishe kwa Kiingereza. Ukweli ni kwamba darasa letu lilifundishwa kwa Kiingereza, likaelewa kwa Kiswahili, na likagombana kwa Kifipa. Siku hiyo niliruka hatua ya kwanza.

Kwetu Ufipa, mwenye shamba kubwa kuliko mikono yake hualika watu. Anapika pombe ya ulezi, majirani wanakuja na majembe, na kila mmoja anakatiwa ngwe, yaani kipande chake cha kulima. Matuta yetu ni ya duara, nyasi zinafukiwa ndani yake, si kazi ya mchezo. Wapo wenye mikono myepesi na wapo wazito. Sasa, mwepesi akimaliza ngwe yake haendi kwenye pombe. Anageuka, anamfuata aliyechelewa, wanalima wakielekeana mpaka majembe yanakutana. Kwenye pombe mnakwenda wote au hamwendi. Mimi nimekulia hayo, kijiji kimoja nje kidogo ya Laela, na nilikuwa mmoja wa wale wazito. Kwa hiyo naujua utamu wa kuinua macho ukamwona mtu anakuja upande wako na jembe.

"Hesabu ni shamba," nikawaambia, kwa sauti ambayo nadhani Mkuu aliisikia. "Ukimaliza ngwe yako usikae. Inuka, mfuate aliyechelewa. Usimlimie! Muulize swali, mpaka alime mwenyewe. Na hii ndiyo sheria ya somo langu siku zote. Sitaki kuulizwa tena."

Siku zote. Nililitamka mwenyewe, kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenilazimisha.

Walielewa pale pale. Nyuso zilifunguka. Hata wale waliotoka Wampembe, kule chini ziwani ambako watu wanavua zaidi kuliko kulima, walisema kwao nyavu huvutwa hivyo hivyo. Hata mtoto wa wafugaji waliohamia bondeni kutoka upande wa Mwanza alisema kwao kisima cha kunyweshea ng'ombe huchimbwa hivyo. Nikaona semina nzima ya Mbeya ingeweza kumalizika asubuhi moja kama wangemwita mama yangu akaitoe.

Kwenye chumba cha kompyuta nikaongeza sheria ya pili, maana watano kwa kompyuta moja ni vita. Anayeshika mausi haongei. Anayeongea hashiki mausi. Mwenye mkono hufanya yale tu anayoambiwa na wenzake, na kila swali mkono hubadilika. Sheria hiyo ilikuwa ya semina kweli, siwezi kuidai. Iliwatesa sana wale wenye akili. Nimewahi kumwona kijana wa Katandala, mwana wa mwenye duka, amekalia mikono yake yote miwili ili isimtoroke.

Kompyuta ya tatu kutoka mlangoni ndiyo inayonihusu. Hapo walikaa watano, ila nitasema habari za wawili tu. Mmoja alikuwa binti wa Wampembe, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya kuamrisha, na kichwa cha hesabu ambacho sijakutana na kingine kama hicho hadi leo. Mama yake alikuwa mjane anayeuza samaki, migebuka mikavu. Binti huyu alitaka kuwa mpimaji ardhi. Si daktari, si mwanasheria, kama wenzake wote waliokuwa wakijibu bila kufikiri. Kule kwao ufukwe ni mwembamba, mlima umekuja mpaka karibu na maji, na watu wametupiana maneno miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa kiwanja cha kuanikia dagaa. Siku moja walikuja wapimaji na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakachungulia, wakaandika, na ugomvi wa miaka ukaisha kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa na miaka tisa. Alinieleza kwamba hakujua kama hesabu inaweza kunyamazisha watu wazima.

Wa pili ni yule mtoto wa wafugaji. Nasema mtoto, lakini alikuwa mrefu kuliko Mkuu na alinyoa ndevu. Alikuwa mpole, msafi, na kwenye grafu alikuwa mzito kama nilivyokuwa mimi kwenye matuta. Ukimwandikia eksi ya kipeo cha pili alikuwa anaitazama kwa adabu mpaka kipindi kiishe.

Programu yetu ya kuchora grafu ilikuwa na jambo moja zuri: ukibadilisha namba iliyo mbele ya eksi, mstari uliopinda unabadilika hapo hapo ukiona. Namba ikikua, mstari unajibana; ikipungua, unatanuka; ukiweka alama ya kutoa, unageuka kichwa chini. Jumatano moja nilisimama nyuma yao bila wao kujua. Yule mrefu ndiye aliyeshika mausi, kwa mkono ambao ungeweza kuifunika mausi na kibao chake. Binti akamwambia aandike mbili, kisha tano, kisha nusu. Halafu akamuuliza, "Unaona nini?"

Kijana akafikiri sana. "Pembe," akasema.

Wenzake wakacheka. Binti hakucheka. "Haya, pembe. Za ng'ombe gani?"

"Hii ya tano ni ya ndama, zimesimama. Hii ya nusu ni ya dume la kwetu, zimekwenda mbali."

"Weka alama ya kutoa."

Akaweka. Mstari ukapinduka.

"Ameinamisha kichwa," kijana akasema. "Anakunywa maji."

Tangu siku hiyo kompyuta ya tatu haikuchora grafu tena, ilichunga. Kabla ya kugusa chochote waliulizana kwanza: ng'ombe ameinua kichwa au anakunywa? Na majibu yalikuwa sahihi! Mimi na shahada yangu nilikuwa nimefundisha mada ile miaka mitatu bila kuona ng'ombe hata mmoja.

Darasa likaanza kwenda, tena kwa kelele. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mwalimu wa uraia, mtu mwema mwenye tai moja na msimamo mmoja, naye aliniuliza kila siku kwa upole kama kuna msiba. Nikamjibu kwamba ndiyo demokrasia anayoifundisha. Alama za mazoezi zikapanda. Mkuu akaanza kuwaleta wageni chumbani, wakivua viatu, na safari hii aliwaonyesha zile zinazowaka. Ilipofika mwezi wa kumi aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akashusha sauti kana kwamba tunapanga njama, akaniambia amepeleka jina langu mkoani niwe mwezeshaji wa semina za hesabu kwa mkoa mzima. Ningesafiri. Ningekuwa mimi mwenye kalamu za rangi, na wengine wanakili. Nilimwambia sistahili, kama inavyotakiwa kusema, halafu nikaenda sokoni kununua suti ya mtumba ya kuwezeshea.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa Novemba. Kwa utaratibu, mwalimu hasimamii somo lake, kwa hiyo hesabu ya kidato cha tatu ilisimamiwa na yule wa uraia, nami nilikuwa chumba cha walimu nikinywa chai na kuwaeleza wenzangu, kwa mara ya nne juma hilo, siri ya kufaulisha. Nilikuwa nimefika mahali pazuri pa maelezo yangu pale mwalimu wa uraia alipoingia. Tai ilikuwa imehamia begani.

"Mwalimu," akasema, "darasa lako linatembea."

Nilitaka nicheke. Aliyoyaeleza, na ambayo baadaye yalithibitishwa na watu wote hamsini bila hata mmoja kuficha, ni haya. Baada ya saa moja na nusu, binti wa Wampembe alikuwa amemaliza. Akakagua kazi yake, akafunika karatasi, akaweka rula juu yake isipeperuke. Akainuka. Hakunyata, hakutazama huku na huku. Akapita mbele ya msimamizi, akamwinamia kidogo kwa heshima kama unavyompita mtu mzima, akaenda mpaka dawati la nyuma alikokaa yule mrefu, akachuchumaa pembeni yake, akamuuliza kwa ile sauti yake inayosikika mpaka barabarani: "Umeitazama alama iliyo mbele? Ng'ombe wako anafanya nini hapo?"

Mwalimu wa uraia alisema alipigwa na butwaa. Alikuwa ameshasimamia mitihani mingi. Alikuwa amekamata vikaratasi ndani ya soksi, maandishi kwenye mapaja, na kijana mmoja aliyekwenda chooni akarudi na jibu la ramani. Wizi wa aina hiyo aliujua. Hajawahi kuona mtu anaibia mtihani huku akimsalimu msimamizi. Punde wepesi wengine nao walikuwa wakimaliza, mmoja mmoja, wakifunika karatasi zao, wakiinuka, wakiwafuata waliochelewa. Wengine walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Ilichukua muda gani mpaka akakimbia? Alikiri kwamba kidogo alisimama akatazama, maana walikuwa wanaulizana vizuri.

Wanafunzi wengine wote walipewa adhabu ya kufyeka nyasi kuzunguka shule nzima, na nyasi hizo, niseme ukweli, zilifyekwa kwa utaratibu mzuri ajabu, hakuna aliyeondoka kabla ya mwenzake. Lakini binti alikuwa ndiye aliyeinuka wa kwanza. Mwalimu wa nidhamu aliandika kwenye ripoti kwamba ni kiongozi wa udanganyifu wa hadharani, na kanuni ya shule juu ya udanganyifu katika mtihani ilikuwa na adhabu moja: kufukuzwa. Kamati ya nidhamu ikaitishwa. Mama yake akapelekewa ujumbe kwa dereva wa lori la samaki.

Nilijua hatari ilivyo. Akifukuzwa kidato cha tatu kwa udanganyifu, hakuna shule ingempokea, wala zile za Katandala zilizokuwa zikitafuta wanafunzi kwa tochi. Upimaji ardhi ungeishia hapo. Na nilijua pia, tangu mwalimu wa uraia alipomaliza sentensi yake ya pili, ni nani aliyemwinua binti yule kwenye kiti. Siku tatu nilizunguka na jambo hilo tumboni. Nilijiambia nitasema kwenye kamati, ndiko mahali pake. Nilijiambia pia kwamba barua ya mkoani bado haijajibiwa, na kwamba pengine kamati yenyewe ingeona haraka kuwa ni utoto. Siku hizo tatu sikupiga meza hata mara moja, na darasa likaniuliza kama naumwa.

Kamati ilikaa ofisini kwa Mkuu. Alikuwepo Mkuu, mwalimu wa nidhamu, mwalimu wa uraia kama shahidi, mimi kama mwalimu wa somo, na mzee mmoja mjumbe wa bodi ya shule, mkulima wa njia ya Laela, aliyekuja na baiskeli na kuiingiza ndani kwa sababu hakuamini mji. Mama yake binti aliketi kwenye kiti cha ukutani. Alikuwa amesafiri juu ya magunia ya samaki usiku kucha kupanda kutoka ziwani, na harufu ya migebuka ilikuwa imeingia naye, ikakaa katikati yetu kama mjumbe wa sita. Nilimwamkia shikamoo. Akaniitikia marahaba, mwanangu, akaniambia binti yake hana habari nyingine nyumbani ila zangu.

Mwalimu wa nidhamu akasoma ripoti yake amesimama.

"Kwani kaiba nini?" mama akauliza.

"Hajaiba kitu, mama. Amemsaidia mwenzake."

"Amemsaidia." Mama akaligeuza neno hilo. "Na yule mwenziwe kalalamika?"

"Mama, ni kwenye mtihani."

"Nasikia. Nauliza kosa."

Mzee wa bodi akakohoa ndani ya koti lake. Mkuu akamgeukia binti, ambaye alikuwa amesimama mikono nyuma, sare yake imepigwa pasi mpaka inang'aa, akamuuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja tangu siku ile. "Nani aliwafundisha kuinuka kwenye mtihani? Sema kweli. Jambo hili halikuzuka lenyewe kwa watu hamsini."

Binti alinitazama. Hakunitazama kwa kunishitaki. Alikuwa ananipa nafasi tu, kama unavyomwachia mkubwa wako aanze kusalimu.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama. Nina kalamu, na wengi waliokuwepo hawasomi vitabu, ningeweza. Nilitazama kitambaa cha mezani kwa Mkuu. Kilikuwa kimefumwa na mkono ule ule uliofuma vya kompyuta, na nikaanza kuyafuata maua yake pembeni, moja baada ya jingine, nikijiambia nikifika kwenye kona nitasema. Nilifika kwenye kona. Nikaiona suti yangu inaning'inia nyumbani nyuma ya mlango. Nikaendelea na upande wa pili.

"Hakuna aliyetufundisha," binti akasema. "Nilibuni mwenyewe. Wengine waliniona mimi wakafuata. Mwalimu hakujua."

Mama yake akashika mdomo. Mwalimu wa nidhamu akaandika.

Sijui kama kuna hasira iliyowahi kunipanda kama ile, na sehemu yake kubwa ilikuwa yangu mwenyewe dhidi yangu mwenyewe. Nilipiga meza ya Mkuu. Kalamu zikaruka, kitambaa kikaenda upande. "Anasema uongo!" nikapiga kelele, na watu wote wakadhani namshitaki yeye, mpaka mama yake akaanza kuinuka kwenye kiti. "Mimi ndiye niliyemfundisha! Mimi! Nilisimama mbele ya darasa nikawaambia, ukimaliza ngwe yako mfuate aliyechelewa, siku zote, na msiniulize. Sikuwaambia kwamba mtihani ni mbali. Sikuwaambia kwamba darasani tunalima pamoja na mtihanini kila mtu na jembe lake. Nilisahau. Nyinyi mnamfukuza mtoto kwa kutii!"

Mwalimu wa nidhamu alisema, kwa haki kabisa, kwamba sasa ana maungamo mawili na kosa moja, na fomu yake ina nafasi ya jina moja.

Mzee wa bodi akaniuliza nieleze vizuri habari ya ngwe. Nikaeleza yote, pamoja na kwenda kwenye pombe wote au kutokwenda. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya usukani wa baiskeli yake.

"Na pombe ilikuwepo?" akauliza.

"Haikuwepo, mzee."

"Basi hapo ndipo mlipokosea," akasema, na Mkuu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka ndani ya ofisi, akacheka mpaka akavua miwani. Mwalimu wa uraia naye akaomba kuongeza kwenye ushahidi wake kwamba binti hakutoa jibu lolote. Aliuliza maswali mawili, na moja lilihusu ng'ombe.

Hawakumfukuza. Waliamua karatasi yake ifutwe na afanye mtihani mwingine peke yake kesho yake, na mwalimu wa nidhamu aandike onyo. Mimi nilitakiwa niandike barua ya maelezo, na Mkuu akaniambia palepale, bila ukali, kwamba jina langu atalirudisha kutoka mkoani, maana hawezi kupeleka mwezeshaji mwenye barua. Nikasema sawa. Nilishangaa kuona halikuniuma kama nilivyokuwa nimeogopa siku tatu nzima. Nilichokuwa nacho kifuani kilikuwa kikubwa zaidi, na hakikuwa na uhusiano wowote na mkoa.

Nilimkuta binti nje kwenye ngazi. Mama yake alikuwa amekwenda kumtafuta dereva wa lori. Yule kijana mrefu alikuwa amekaa mbali kidogo chini ya ukuta, akijifanya anafunga kiatu, kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Nikamshika binti bega, tena kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Kwa nini umesema uongo mbele ya watu wazima? Unajua ulikuwa unafukuzwa? Unajua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na upimaji?"

Hapo macho yakamjaa, akayafuta kwa mkono wa sweta. Nilidhani ataniambia alinionea huruma, au kwamba ananipenda, jambo ambalo ningeweza kulibeba. Alinijibu kwa adabu, kama anayeeleza hatua ndogo ya hesabu kwa mtu ambaye hajaiona.

"Mimi nilikuwa nimeshamaliza ngwe yangu, Mwalimu," akasema. "Wewe ulikuwa umekwama."

Kisha akaomba ruhusa aende kwa mama yake. Nikamruhusu. Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi za ofisi ya Mkuu, mchana kweupe, wanafunzi wakipita na kuniamkia, nikalia.